Kikombe cha Kwanza Kimwagwe Nje

Shaba ya mtambo ule wa gongo ilikuwa na uvuguvugu, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi. Bairbre aliondoa kiganja haraka. Banda la Mama Neansaí lilikuwa na baridi ya kutafuna mifupa, na mjane huyo alikuwa ametoka kuwaambia kwamba mtambo ule haujaonja moto tangu mumewe azikwe.

"Tadhg," Bairbre alimnong'oneza mumewe, "tukachukue ule wa dukani. Ule wa chuma, wenye kipimajoto."

"Ule ni sufuria ya kuchemshia nepi," Tadhg akacheka. "Gongo lisilopita kwenye shaba linanuka mayai viza. Huu ndio mtambo, mke wangu."

Ungekuwa mtambo wao wa kwanza. Shayiri ilikwisha kuchachuka pipani nyumbani, kilichokosekana ni chombo tu, na Tadhg hakuona kingine. Bairbre yeye alimwangalia mjane, ambaye alisimama nje kwenye manyunyu na kukataa katakata kuingia bandani mwake mwenyewe.

"Utataka nini, mama?" Tadhg aliuliza.

"Sitaki kitu. Chukueni tu."

Katika Connemara nzima hajazaliwa mtu wa kugawa mtambo wa shaba bure. Moyo wa Bairbre ukaingia shaka.

"Mama, kwani mumeo, Mzee Cóilín, alipofuka kwa nini?"

"Uzee," mjane alijibu upesi mno. Kisha akamshika Tadhg mkono. "Kikombe cha kwanza ni cha Wenyewe. Kimwage nje. Nje, mwanangu, umenisikia?"

"Nani asiyejua hilo, mama?"

Kweli, hata watoto wa pale walilijua. Matone ya kwanza hayanywewi. Humwagwa majanini kwa ajili ya Wenyewe, wale wasioonekana, ambao hakuna anayewataja kwa jina lingine.

Jumamosi, baada ya chakula cha mchana, waliuinjika mtambo mekoni na kuuwashia moto. Mvua ilikuwa inapiga kwa mshazari. Kikombe cha kwanza kilipojaa, Tadhg alifungua mlango, akapigwa na maji usoni, akaufunga.

"Wenyewe nao hawapendi kuloa," akasema, akakimimina jivuni kando ya meko.

"Tadhg! Si umeambiwa nje!"

"Nje ni hatua mbili tu kutoka hapa. Wataona tofauti gani?"

Jivu halikulowa. Bairbre aliinama kulitazama, na karibu kabisa na sikio lake akasikia koo la mtu likimeza.

"Ni wewe umemeza?"

"Nimeze nini? Hata tone sijaonja."

Harufu ya udongo wa kaburi jipya ikajaa jikoni, bomba la shaba likaanza kukohoa kikohozi cha mzee, na kiti cha pembeni, ambacho hakikuwa na mtu, kikalia taratibu kama kinachokaliwa na mwili mzito uliochoka kusimama nje miaka mingi.

"Mbona moshi umejaa hivi?" Tadhg aliuliza.

Hapakuwa na moshi hata kidogo.

"Bairbre? Uko wapi?" Alikuwa anapapasa hewa, naye mkewe yuko mbele yake, na macho ya Tadhg yalikwisha kuingia ukungu mweupe. "Bairbre, sioni. Mungu wangu, sioni!"

Hapo Bairbre akaelewa uzee wa Mzee Cóilín ulikuwa uzee gani. Alikinga kikombe kingine, akaupiga teke mlango, akatoka mbio mvuani na kukimwaga chote majanini.

"Chako hiki hapa, Mwenyewe," alisema huku analia. "Samahani kwa dharau yetu. Njoo unywe nje, tuachie macho yetu."

Maji ya barafu yalimwingia shingoni. Hakungoja. Alirudi ndani mbio, akaubamiza mlango na kuutia komeo.

Tadhg alikuwa anapepesa macho, ukungu unamtoka. Aliangalia mikono yake, akacheka, akalia.

"Naona! Mke wangu, naona vizuri kabisa!"

Bairbre alimkumbatia kwa nguvu. Kisha akahisi mikono ya mumewe inalegea mgongoni mwake.

"Lakini Bairbre," Tadhg alinong'ona, akiangalia nyuma ya mkewe, "mbona umefunga mlango kabla mgeni hajatoka?"