Klorini Katika Kikopo cha Chachu

Ayen aliamka na kwenda moja kwa moja kwenye beseni lake. Ayen ni mama kutoka Bor, Sudan Kusini. Anaishi katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, na anauza kisra sokoni. Kisra ni mkate mwembamba wa mtama. Kila jioni Ayen hukoroga unga na maji, kisha hutia chachu kidogo kutoka kwenye kikopo, nacho hukiongezea unga ili chachu isiishe. Asubuhi unga huwa umeumuka na kujaa mapovu.

Siku hiyo hapakuwa na povu hata moja. Unga ulikuwa umelala chini, maji yamesimama juu. Beseni lilinuka klorini.

"Khalas, basi, chachu imekufa," alisema Ayen. Akaketi chini.

Chachu ile haikutoka dukani. Mama yake aliikausha na kuifunga kwenye kitambaa siku Ayen alipokimbia vita. Mama alifariki baadaye, na Ayen hajawahi kuliona kaburi lake. Hakubaki na kitu kingine cha mama. Basi akalia.

Asekon alimkuta hivyo. Asekon ni jirani yake Mturkana, mhudumu wa afya ya jamii. Alikuja kumwona Achan, binti mdogo wa Ayen, aliyekuwa akiharisha.

"Ejok, Mama Achan," alimsalimu kwa Kiturkana. " Mtoto anaendeleaje?"

"Anakunywa ile dawa ya maji uliyoleta, lakini tumbo bado inaendesha. Na wewe umeniulia chachu!"

"Mimi?"

"Si ulisema kwa mkutano vijidudu inaleta ugonjwa? Ukatuonyesha picha, dudu iko na meno kama mamba! Nikaweka klorini kwa maji, kwa beseni, kwa kila kitu. Hata kikopo ya chachu nikaijaza."

Asekon alibana kicheko. Kwa kweli picha ile ilikuwa na makosa. Kijidudu hakina meno, na aliyeichora hakika hakuwahi kukiona.

"Pole, dada. Sikueleza vizuri," alisema. "Vijidudu ni viumbe vidogo sana. Macho hayavioni bila hadubini, kile chombo cha maabara kinachokuza vitu. Na si vyote vibaya. Kuna bakteria. Wengine wanaleta kipindupindu, lakini wengine ndio wanagandisha maziwa yetu sisi Waturkana. Kuna kuvu. Ukungu kwa mkate ni kuvu, na hamira pia ni kuvu. Kuna protozoa, kama amiba, anaingia kwa maji machafu na kuumiza tumbo. Halafu kuna virusi, wadogo kabisa. Hao wanaleta surua na mafua, na hawawezi kuzaana mpaka waingie ndani ya mwili."

"Na kwa chachu yangu kulikuwa na gani?"

"Bakteria wazuri na hamira. Wanakula unga, wanatoa hewa. Ndiyo yale mapovu."

"Kumbe mama alinipa vijidudu?"

"Alikupa mifugo, Ayen. Kila jioni ulikuwa unailisha."

Ayen alilitazama lile beseni. Kisha akauliza, "Kama klorini inaua, kwa nini Achan bado anaumwa?"

Wakati huohuo Achan alitoka chooni. Alichukua kikombe akakitumbukiza kwenye ndoo ya maji ya kunywa, na mkono wake ukazama ndani.

"Umeona?" alisema Asekon. "Mkono umetoka choo, umeingia kwa maji. Uchafu ukiingia, klorini inaishiwa nguvu. Anawe kwa sabuni akitoka choo na kabla ya kula. Maji ya kunywa yakae kwa jerikani yenye kifuniko, mmimine. Klorini weka kwa maji, kipimo kile kimeandikwa kwa chupa. Ukiona damu kwa choo, au akikataa kunywa, mlete kliniki haraka."

Ayen alimwosha mtoto mikono palepale.

"Hiyo chachu," Asekon aliuliza, "hujawahi kumgawia mtu?"

Ayen aliinuka ghafla. "Nyaboth!"

Nyaboth ni mkimbizi mwenzake aliyefika Kalobeyei, makazi ya jirani, akiwa na watoto na hana chochote. Ayen alimpa chachu. Majirani walimsema sana, maana makabila yao yamepigana: Mdinka anampaje Mnuer kitu cha mama yake? Ayen aliwajibu kwamba watoto wa Nyaboth nao wanakula.

Alimwachia Asekon mtoto, akapanda bodaboda mpaka Kalobeyei. Nyaboth alimsikiliza, akaingia ndani. Alitoka na mtungi mdogo na kuufunua. Mapovu yalikuwa yanapasuka juu ya unga. Ayen aliinamisha uso akanusa. Ilikuwa harufu ya jikoni kwa mama.

"Chukua," alisema Nyaboth. "Ni yako."

"Ni yetu," alisema Ayen. Akachukua nusu.

Tumbo la Achan lilitulia. Sasa ndiye anayewakumbusha wageni kunawa, tena kwa ukali. Kisra imerudi sokoni, na chupa ya klorini inakaa mbali na kikopo.

Jioni moja Achan alimkuta mama yake akitia unga kwenye kikopo hicho.

"Mama, unafanya nini?"

"Nalisha mifugo ya bibi yako," alisema Ayen. "Nawa mikono, uje unisaidie."