Magunia Sita ya Kutuliza Lori

Kila asubuhi, kabla ya kuwasha lori, Mhina alipakia magunia sita ya mahindi nyuma. Jioni aliyashusha. Hata kama safari ilikuwa ya kupeleka barua tu Handeni, magunia yalipanda.

"Mhina, hayo mahindi yako yana kesi bomani?" watu wa Mkata walimtania. "Kila siku yanakwenda na kurudi!"

Mhina alicheka nao. Lori lake lilikuwa la jeshi, la wakati wa vita, na liliendeshwa kwa magurudumu yote manne. Masika ya mwaka uliopita lilikwama siku tatu, tumbo limelala topeni. Ndipo Mhina alipokwenda kwa Mikaeli, seremala wa kambi ya mkonge. Mikaeli akachonga vipande vya mninga, wakavibana kati ya springi na ekseli, chuma kinachobeba magurudumu. Lori likainuka inchi nne. Matope yakawa si kitu tena.

Lakini tangu siku ile lilianza kutetemeka. Likifika maili ishirini na tano kwa saa, sakafu ilivuma na milango ikagonga.

"Hapa ukiweka mahindi unashusha unga," alisema Mashavu, mkewe.

Mhina alibadilisha tairi. Alikaza nati zote. Haikusaidia. Siku moja akabeba mzigo mzito, akaona mtetemo umepungua. Alifurahi, akajua amepata dawa. Ndiyo asili ya yale magunia sita.

Masika yaliporudi, Mashavu alishikwa na uchungu wa kuzaa. Ulimtesa usiku na mchana. Mkunga akatoka nje akijifuta mikono. "Hii si kazi yangu tena," alisema. "Mpeleke kwa daktari, Korogwe."

Mhina akakimbilia ghalani, akaanza kubeba magunia.

"Mhina, twende tu," Mashavu aliita, ameegemea mlango wa lori.

"Ngoja kidogo. Nataka usitikisike."

Alipakia yote sita. Mashavu alisimama akingoja.

Walipoipita Handeni, lori lilididimia kwenye bonde lenye tope. Lilikuwa limeinuliwa, lakini uzito ulilizamisha. Mhina akayatupa magunia kando ya barabara, moja likapasuka. Lori likatoka. Sasa lilikuwa tupu, na saa zilikuwa zimekwenda. Akakanyaga mafuta.

Lori lilitetemeka kuliko siku zote.

"Polepole, Mhina. Linanikata kiuno."

Akapunguza mwendo. Mashavu akaguna kwa maumivu. Mhina akaongeza tena. Hakujua lipi ni la huruma, kwenda polepole au kuwahi.

Kisha kitu kikalia paa! chini ya miguu yao. Propela, ule mti wa chuma unaotoka kwenye giaboksi kwenda kuzungusha magurudumu ya nyuma, ilikuwa imekatika. Ilipokuwa inajipigapiga ikapasua giaboksi. Mafuta yakamwagika barabarani. Hakuna gari lingine lililopita mpaka alasiri.

Mashavu alikufa kabla ya adhuhuri, na mtoto tumboni.

Lori lilivutwa na trekta hadi karakana ya shamba la mkonge, Korogwe. Mhina hakwenda kuliangalia. Arobaini ilipita. Alikaa kizingitini, hakulima, hakuongea. Chakula alichopelekewa kilipoa mbele yake.

Hamisa, mdogo wake Mashavu, alikuja akaketi karibu naye. Alikuwa na mimba ya miezi minane.

"Shemeji, lori halijatengenezwa?"

"Lioze huko huko."

"Na mimi zamu yangu ikifika nitakwenda na nini?"

"Na chochote. Si lile."

"Nionyeshe hicho chochote kilipo hapa Mkata."

Kesho yake Mhina alianza safari ya Korogwe kwa miguu, akampitia Mikaeli, yule seremala, waende pamoja.

Fundi wa karakana ile alikuwa Mzee Semboja, aliyejifunza kazi jeshini.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Pole, mwanangu. Giaboksi nimekutafutia nyingine, na propela mpya nimefunga. Lakini nikikupa hivi hivi, itakatika tena. Lilianza lini kutetemeka?"

"Tangu tulipoliinua."

"Likiwa limesimama, ukakanyaga mafuta?"

"Halitetemeki."

"Basi si injini. Twende barabarani."

Waliendesha lori tupu. Lilipofika maili thelathini, Semboja akasema, "Toa gia, liache lijiendee." Mhina akatoa gia. Injini ikatulia, lakini mtetemo ulibaki.

"Unasikia? Ugonjwa uko nyuma ya giaboksi. Tairi mbovu hudunda, du, du, du. Huu unavuma kama nyuki. Ni propela. Sasa tujue ipi, maana gari hili linazo mbili."

Wakafungua propela ya mbele, wakaendesha tena. Mtetemo uliendelea kuvuma.

"Basi ni ya nyuma," alisema Semboja. Aliegesha lori mahali pa tambarare, akawaita wote wawili chini yake. "Mikaeli, timazi yako unayo?"

Mikaeli alitoa uzi wenye risasi mwishoni. Semboja akauninginiza mbele ya uso wa chuma pale propela inapoanzia, kisha pale inapoishia, kwenye difu, lile bonge la chuma katikati ya ekseli ya nyuma. Pale mwanzoni uso ulikaribia kwenda sawa na uzi. Kwenye difu uzi uliachana na chuma.

"Propela ina viungo viwili, tunaviita krosi," alisema, akinyoosha mkono. "Ni kama mkono wenye kifundo kila upande. Kimoja kikipinda chini kiasi hiki, kingine lazima kipinde juu kiasi hicho hicho. Hapo vinasawazishana. Visipolingana, propela inazunguka kwa kusitasita, na gari zima linatetemeka mpaka krosi inakatika. Difu yako inatazama chini. Kwa nini?"

Alifungua kipande kimoja cha mninga. Upande wa nyuma ulikuwa mwembamba kuliko wa mbele, tena umebonyea.

Mikaeli alikigeuzageuza mkononi. "Nilipima kwa jicho," alisema. "Yaa Mungu wangu. Nilipima kwa jicho."

Mhina hakumtazama. "Mbona nikipakia magunia mtetemo ulipungua?"

"Mzigo unashusha springi, propela inanyooka kidogo. Maumivu yanapungua, ugonjwa uko pale pale."

"Nilimsimamisha akingoja," alisema Mhina. "Nilimsimamisha mlangoni, napakia mahindi."

Grisi ilidondoka kutoka juu.

Baadaye Semboja alisema, "Tuvitoe vyote. Mbao hazikai chini ya springi. Lirudi kimo chake, na nyuso mbili zitazamane sawa."

"Na matope?" aliuliza Mikaeli.

"Minyororo ya tairi na sepeto. Na abiria washuke wasukume."

Walipomaliza walipima tena kwa timazi. Nyuso zililingana. Wakaendesha lori tupu mpaka maili arobaini. Milango haikugonga.

Siku ya Hamisa ilifika mwezi uliofuata. Mhina aliwasha lori bila kuingia ghalani. Hamisa alipanda, na wakaondoka papo hapo.

Njiani, kati ya uchungu mmoja na mwingine, Hamisa alisinzia. Mhina alisikia pumzi zake. Hakuwahi kusikia mtu akipumua ndani ya lori lile. Machozi yakamtoka, lakini hakuondoa mikono kwenye usukani.

Hamisa alijifungua salama Korogwe, mtoto wa kike. Walimwita Mashavu.

Kurudi, Mhina alikuwa peke yake. Kwenye lile bonde alisimamisha lori. Pale lilipopasuka gunia, mahindi yalikuwa yameota, yamesongamana, yanamfika kifuani. Yalianza kutoa mbelewele. Alisimama kando yake kwa muda mrefu. Hakuvunja hata jani. Kisha akalala chali chini ya lori, akazishika krosi mbili, moja baada ya nyingine, akazitikisa. Hazikuwa na mchezo wala kulegea. Akapanda, akaenda zake Mkata.