Mikorosho Mitano ya Zaitun

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Hafidha alikuwa na kazi moja ambayo hakuna aliyemtuma. Alichukua fagio la vijiti, akazunguka nyuma ya nyumba, akafagia chini ya mikorosho mitano. Majani makavu aliyasogeza pembeni. Korosho zilizoanguka usiku alizitia kwenye kopo, na mabibo akawaachia mbuzi. Korosho ikiangukia kwenye majani haionekani, na isiyoonekana huliwa na panya. Hayo alifundishwa na mama yake, Zaitun, aliyefariki Hafidha akiwa darasa la pili.

Kijiji chao kiko wilayani Ruangwa, upande unaopakana na Nachingwea. Nyumbani walikuwa watatu tu: Hafidha, baba yake Masoudi, na Bibi Sabaha, aliyemzaa Zaitun. Masoudi alitoka Lionja, wilaya ya Nachingwea, akaja kuoa na kukaa kwa wakwe zake, kama ilivyo kawaida ya watu wengi wa huku. Shamba lilikuwa la upande wa mke. Zaitun alipofariki, ile mikorosho mitano aliyoipanda kwa mkono wake ikawa mali ya binti yake. Masoudi aliruhusiwa kuipalilia, kuipulizia dawa ya salfa na kuuza korosho zake ili mtoto apate sare na madaftari. Kuikata hakuruhusiwa, mpaka mwenyewe aseme.

Jioni, Bibi Sabaha alipokuwa akimenya mihogo ya kuanika, mambo yake yalikuwa vitendawili.

"Kitendawili."

"Tega."

"Mwanangu kazaliwa na moyo nje ya kifua."

"Bibo na korosho yake," Hafidha alijibu huku akicheka. "Bibi, hicho cha watoto wa chekechea."

"Haya, umekua. Kesho nitatafuta kigumu."

Hafidha alipokuwa darasa la nne, ilikuja kampuni ya kigeni ya kuchimba kinywe. Kinywe ni yale madini meusi, laini, yanayotiwa katikati ya penseli, na siku hizi yanatafutwa sana kwa ajili ya betri. Wathamini walipita shamba kwa shamba. Walihesabu nyumba, makaburi na miti, na kila mti uliohesabiwa ukapakwa doa la rangi nyekundu. Kisha Dickson, kijana wa kampuni aliyeshughulika na wanakijiji, akasimama mbele ya mkutano.

"Kilichohesabiwa kimeshahesabiwa," alisema. "Msipande kipya wala msijenge kipya. Fidia iko njiani. Mtahamia nyumba za matofali."

Watu walipiga makofi. Wengine walirudi nyumbani wakichagua rangi ya milango.

Basi wakangoja. Mvua zikaja zikapita, wakangoja. Kwa kungoja huko, watu wakaacha kupalilia. Ukimkuta mtu na jembe, wenzake walimtania, "Unamlimia mzungu?" Masoudi naye aliacha kununua salfa. Ugonjwa wa ubwiri unga ukaingia, maua ya mikorosho yakakauka kama yamemwagiwa majivu, korosho zikapungua.

Hafidha aliendelea kufagia, hadi siku alipokutwa na rafiki yake Munira.

"Wewe, unaifagilia kampuni?" Munira alimcheka. "Wakikupa mshahara usinisahau, bosi."

Hafidha naye alicheka. Kesho yake hakufagia.

Mwaka huohuo Bibi Sabaha alipelekwa Nachingwea mjini kutibiwa macho, kwa sababu ugonjwa wa mtoto wa jicho ulikuwa umemtia giza. Alikaa huko kwa ndugu zake wiki kadhaa. Nyumbani unga ulikuwa unakaribia kwisha. Jioni moja Masoudi alimwita binti yake.

"Hafidha mwanangu, kaa hapa. Mikorosho ya mama yako imeshahesabiwa. Kampuni ikija, katapila litaing'oa yote kwa siku moja. Tukiichoma mkaa sasa, sisi tutakuwa tumekula mara mbili, mkaa leo na fidia kesho. Viatu vyako vimetoboka, nitakununulia vingine. Lakini mimi si mwenye mikorosho. Mwenyewe ni wewe. Unasemaje?"

Hafidha aliitazama miti. Jua la jioni lilikuwa limeangukia yale madoa mekundu, na akaona kama kweli miti ile imeshakuwa ya watu wengine.

"Kama imeshahesabiwa," alisema, "kata tu, Baba."

Kwa siku nyingi moshi ulitoka kwenye tanuri la mkaa nyuma ya nyumba. Magunia yakabebwa na bodaboda kwenda Nachingwea. Viatu vikaja, vyeusi, vipya, na Hafidha akavivaa kwenda shule.

Bibi Sabaha alirudi siku ya Ijumaa, mchana. Alishuka kwenye bodaboda bila kushikwa mkono. Alimtazama mjukuu wake usoni, akatabasamu, akampapasa shavu. "Kumbe umefanana na mama yako hivi," alisema. "Nilikuwa sikuoni vizuri." Kisha akazunguka nyuma ya nyumba kwenda kunawa miguu apate kuswali.

Akasimama.

"Hafidha," aliita taratibu. "Mbona huku nyuma kumeingia jua? Au macho yangu yamepona vibaya?"

Masoudi alikuja, akasimama mbali kidogo kwa heshima ya mkwe, macho chini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Miti iko wapi, baba?"

"Ilikuwa imeshahesabiwa, Mama. Nikaona tuifanye mkaa kabla hawajaing'oa."

"Ulimwuliza mwenyewe?"

"Nilimwuliza."

Bibi alimgeukia mjukuu wake. "Ukasemaje?"

"Nilisema akate, Bibi."

Bibi Sabaha hakugomba, na laiti angegomba. Alikiinamia kisiki kimoja, akakishika kama mtu anayeshika paji la uso la mgonjwa, kisha akaingia ndani. Jioni ile alimenya mihogo kimya. Hata siku zilizofuata, hakutega kitendawili.

Haukupita muda mrefu, mkutano ukaitishwa. Dickson alikuja akiwa amekonda, bila lile gari kubwa. Aliketi kwanza, akafuta jasho.

"Wazee wangu, akina mama, sitawaficha," alisema. "Kazi imesimama. Sheria ya madini ilibadilishwa bungeni. Serikali inataka hisa, inataka mikataba iangaliwe upya. Wakubwa zangu walikuwa wanategemea mkopo wa benki za nje, na benki zimesema zitangoja zione sheria inakaaje. Sasa na uchaguzi umekaribia, zinasema zitangoja uchaguzi upite. Ile tathmini ya mashamba yenu nayo muda wake umekwisha. Kampuni ikirudi, mtahesabiwa upya."

"Na ikiwa haikurudi?" mtu aliuliza.

"Sijui, mzee. Hata mimi leo nimekuja kuaga. Ajira yangu imekwisha."

Masoudi aliinuka. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Na aliyekwisha kukata miti yake?"

Dickson alimtazama kwa huruma. "Mthamini huhesabu kile anachokiona, kaka."

Wengi walikuwa wamekata.

Siku iliyofuata, baada ya kipindi cha mwisho, Hafidha alibaki darasani. Mwalimu Rogath, anayefundisha uraia, alikuwa anafuta ubao.

"Mwalimu, kwa nini watu wakizungumza bungeni Dodoma, kazi inasimama huku kwetu?"

Mwalimu aliweka dasta chini. "Sema nimekukodisha shamba. Umelima, umepanda, bado hujavuna. Halafu nakuja nakwambia masharti yamebadilika, sehemu ya mavuno ni yangu. Ungeendelea kutia mbolea?"

Hafidha alifikiri. "Ningengoja kwanza. Nione kama utabadilisha tena."

"Na hao wenye benki wanafanya hivyohivyo. Mtu anayetaka kuweka mali yake katika nchi hatazami ardhi peke yake. Anatazama pia sheria, uchaguzi, na maneno ya viongozi. Akiona hajui kesho itakuwaje, anakaa na mali yake mfukoni."

"Kwa hiyo wabunge walikosea?"

"Sikusema hivyo. Madini ni yetu, na nchi ina haki ya kukataa kupunjwa. Kuna wanaosema sheria ile ilikuwa lazima, na kuna wanaosema ilikuja ghafla mno. Ukikua utayapima mwenyewe. Ila ninachojua ni kwamba mwenye benki akingoja, ana mali nyingine ya kula wakati anangoja."

Hafidha alitazama viatu vyake vyeusi. "Sisi tulikuwa na mikorosho mitano," alisema, na machozi yakamtoka.

Mwalimu Rogath alivuta kiti, akakaa naye mpaka alipomaliza kulia.

Jioni hiyo Hafidha alikaa karibu na Bibi Sabaha, akachukua kisu cha pili, akaanza kumenya mihogo. Kisha alisema, "Bibi, nitegee."

Bibi alimenya muhogo mzima kabla ya kujibu.

"Kitendawili."

"Tega."

"Kajigeuza kitandani Dodoma, shuka limenitoka mimi Ruangwa."

Hafidha alifikiri, akafikiri tena. "Nimeshindwa, Bibi."

"Nipe mji."

Kama mjuavyo, aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, na mtegaji huutembelea kwa maneno kabla ya kutoa jibu.

"Nakupa Nachingwea," alisema Hafidha.

"Nachingwea nilikwenda. Nikarudi, nikakuta jua nyuma ya nyumba. Sitaki. Nipe mwingine."

Mji mwingine uliomjia Hafidha ni kwao baba yake. "Nakupa Lionja."

Kisu cha Bibi kilisimama.

"Lionja," alisema polepole. "Lionja nimekwenda. Nimemkuta Zaitun, bibi harusi, anamsalimia mama mkwe wake. Kambebea kapu la korosho za mbegu, tulizochagua mimi na yeye, ndizo alizozipanda na hapa..." Akageukia mlangoni. "Masoudi baba, zile za Lionja ziliota?"

Masoudi alikuwa nje, amekaa juu ya kinu, akisikia kila neno. Alikuja hadi karibu na kizingiti.

"Ziliota, Mama. Iko miwili, kwa mama yangu. Bado inazaa."

Kisha Bibi akasema, "Msimu haujaisha. Kesho mwende."

Walikwenda, baba na binti, kwa bodaboda, vumbi jekundu likiwajaa nywele. Kule Lionja, bibi yake mwingine aliwaongoza moja kwa moja hadi kwenye miti. Hafidha aliweka kiganja kwenye shina. Hapakuwa na doa la rangi. Chini kulikuwa kumejaa majani, naye akaomba fagio. Akafagia, akaokota, akalia, akafagia tena. Baba yake alimwacha afanye peke yake.

Waliporudi, walizimwaga korosho kwenye ndoo ya maji. Zilizoelea wakazitupa, zilizozama wakazichagua kuwa mbegu. Mvua ya kwanza iliponyesha, Masoudi alichimba mashimo katikati ya visiki.

Jirani yao alipita njiani akasimama. "Masoudi, unapanda? Na hao wakirudi?"

Aliyejibu ni Bibi Sabaha. "Wakirudi wataikuta. Wasiporudi, tutaikuta sisi." Kisha, kwa sauti ya chini, kama anajisemea, aliongeza, "Mimi korosho zake sitaziokota. Miti hii ina miaka yake, na mimi nina yangu."

Masoudi alichomeka jembe ardhini. Alichuchumaa mbele ya binti yake, kama alivyozoea kumfunga kamba za viatu alipokuwa mdogo.

"Hafidha mwanangu, nisikilize. Wewe ulijibu kama mtoto, mimi niliuliza kama mtu mzima. Mzigo ni wangu. Nilikula tulichokuwa nacho kwa ajili ya kitu tulichoahidiwa. Ahadi inayotoka mbali inapita mikononi mwa watu wengi, mawaziri, wabunge, wapiga kura, watu wa benki, na yeyote kati yao akibadili nia, hatuna la kumfanya. Ukiahidiwa jambo, shukuru na usubiri, lakini uendelee kupalilia cha kwako mpaka siku utakapokishika kile kingine. Na ukiambiwa mali yako imeshakuwa ya mtu mwingine, uliza imekuwaje wakati bado hujapewa kitu."

"Nitakumbuka, Baba."

Masoudi alimgeukia mama mkwe wake. "Mama, kile kitendawili cha Dodoma. Ni sheria?"

"Ni sheria," alisema Bibi Sabaha. "Hakuna ubaya kujigeuza, hata mgonjwa hugeuzwa akapona. Ila anayejigeuza akumbuke kwamba shuka tumejifunika wengi."

Wakazifukia mbegu tano.

Asubuhi iliyofuata Hafidha aliamka kabla ya jua kutoka. Alichukua fagio la vijiti, akazunguka nyuma ya nyumba. Hapakuwa na jani hata moja la kufagia, wala korosho ya kuokota, wala kivuli. Alifagia hivyohivyo, polepole, akizunguka shimo la kwanza, la pili, na mengine yote, mpaka Bibi Sabaha alipomwita kutoka ndani kwamba wakati wa shule umefika.