Kipande Alichobakiza Kitamura

Harufu ya siki ilianzia kabatini. Fumie alikagua chupa zote za jikoni, akazikuta zimefungwa vizuri, na bado wali wa asubuhi ulinuka siki.

"Ni filamu yangu tu," mumewe Kitamura alisema. "Filamu kuukuu ndivyo zinavyooza."

Filamu yenyewe ilikuwa uchafu. Ilipigwa zamani katika nyumba ya wageni huko Atami, iuzwe kwa wanaume wa kutazama wamejifungia, na mama mtu mzima aliyekuwemo hakuwa anaigiza kilio. Wakusanyaji wa filamu waliisaka kwa sababu hiyo hiyo. Kila Jumapili Ozeki, rafiki wa Kitamura, alivua viatu mlangoni, akayasifia maua ya Fumie kwa adabu, kisha wakaingia chumbani kukodolea macho machozi ya mtu. Fumie aliviosha vikombe vyao kwa kinyaa.

Jumapili moja Ozeki alitoka amepauka uso. "Shemeji," alinong'ona, "siku zote yule mama alitazama ukuta. Leo ametutazama sisi."

Tangu hapo Kitamura akaanza kunyauka. Ngozi yake ilibanduka, ikanuka siki, na kwenye beseni la kuogea zikaonekana nywele ndefu nyeusi ambazo hazikuwa za Fumie.

"Mume wangu, atakumaliza huyu wa kwenye filamu," Fumie alilia. "Mpeleke hekaluni aombewe, kama watu wanavyopeleka wanasesere wao wa zamani wakaombewe na kuchomwa."

Hekaluni mtawa alisoma dua, akawasha moto wa kuichomea filamu. "Umeleta yote?"

"Yote," alisema Kitamura.

Mwongo! Alikwisha kukata kipande kidogo cha filamu, akakificha nyuma ya picha ya marehemu mama yake, kwenye madhabahu ya nyumbani. Fumie alikigundua kesho yake alipopeleka wali wa marehemu, maana siki ilimpiga puani, na nyuma yake mkeka ulikuwa ukilialia chini ya nyayo zilizolowa, taratibu, zikisogea, na alipomwita mumewe kitanda kilikuwa kitupu, kimelowa, naye akakiinua kile kipande dirishani, akaona mwanamke hayumo, ila Kitamura amejikunyata, kinywa wazi, analia.

Alimpigia simu Ozeki aje amsaidie. Ozeki alikishika kipande kwenye mwanga, akakitazama mno, akalamba midomo. Hata pole hakusema.

"Shemeji, kitu kama hiki hakipo popote duniani. Niachie mimi."

"Chukua," alisema Fumie.

"Na mumeo?"

"Naye chukua."

Ozeki alishuka ngazi anachekelea. Nyuma yake zikashuka nyayo zilizolowa. Fumie akafungua madirisha yote.