Chumba Ambacho Hatujakipokea

Nilitoka kununua misumari jua likizama, na nilikuwa na hasira. Niliporudi na kipakiti changu mkononi, nikakuta mtu amesimama ndani ya chumba changu kisicho na paa, anapapasa ukuta.

Ngoja kwanza nikueleze kuhusu hicho chumba, maana usipoielewa hasira yangu hutaelewa nilichofanya baadaye.

Mama yangu alivunjika nyonga. Tangu hapo alilala sebuleni, nyuma ya pazia, na kila nilipomwogesha niliomba Mungu asipige hodi mgeni. Mwanamke aliyetulea kwa sauti yake tu, watoto tukanyooka na mbwa wa jirani wakanyooka, sasa alinong'ona ili anayekunywa chai upande wa pili asijue anaogeshwa. Nikasema hapana. Mimi ni fundi cherehani, sina makuu, lakini mama yangu atapata chumba chenye mlango. Nyuma ya nyumba kulikuwa na msingi wa zamani alioacha marehemu baba, umeshaota majani. Nikaamua kuinua ukuta juu yake.

Basi nikakutana na mafundi.

Wa kwanza aliutazama msingi, akasonya. "Nani alikuchimbia huu?" Akapanga tofali kidogo, akaaga anakwenda msibani. Huo msiba nadhani unaendelea mpaka leo. Wa pili naye akasonya, "Nani alikujengea hapa?" Akabomoa kazi ya mwenzake, akajenga yake, halafu simu ikawa haipatikani. Aliacha mwiko na viatu. Fundi gani anatoroka peku? Wa tatu, baba mmoja mpole, ndiye pekee aliyeniaga kiungwana. Alinivuta pembeni, akateremsha sauti.

"Dada, jioni tunauacha ukuta kifuani. Asubuhi tunaukuta mabegani."

"Si vizuri? Mnasaidiwa."

Hakucheka. Alikusanya vitu vyake akaondoka bila kugeuka nyuma, nami nikabaki na rundo la mchanga, mifuko ya saruji na mama nyuma ya pazia.

Sasa jioni ile, huyo mtu hakushtuka kuniona. Aliendelea kuupapasa ukuta, taratibu, kwa kiganja chote.

"Msingi mzuri," alisema. Sauti ndogo, kavu, ya mtu mwenye vumbi kooni. "Ukuta mzuri."

Maishani mwangu sijamsikia fundi akisifu kazi aliyoikuta. Hata mimi, ukiniletea gauni lililoshonwa na mwingine, lazima nikuulize nani aliharibu kitambaa chako. Fundi husifu kazi moja tu... ya mikono yake.

"Wewe ni nani?"

"Fundi."

"Nani kakuita?"

"Nimalizie?"

Mwenye akili angekimbia. Lakini mle ndani mama alikohoa, kikohozi kile cha kujibana ili asisumbue watu, na hasira yangu ikapanda mpaka ikaufunika woga.

"Ukiweza, malizia," nikamwambia. "Wenzako wote wameshindwa."

Akageuka kidogo. Uso sikuuona vizuri, mwanga ulikuwa umekwisha. Niliona mikono tu. Mikavu, imejaa chokaa hadi kwenye viwiko. Na harufu iliyomtoka ilikuwa ya shimo lililochimbwa leo.

Kuanzia siku hiyo, kila magharibi nilisikia.

Kwaruu... kwaruu...

Mwiko juu ya tofali. Nilikuwa nasimamisha cherehani, nasikiliza, halafu naendelea kushona kwa nguvu ili nisisikie. Mifuko ya saruji ilibaki imefungwa vile vile. Rundo la mchanga halikupungua hata kiganja. Lakini ukuta ulipanda, linta ikakaa juu ya mlango, bati likalala juu, lipu ikapakwa. Jirani alichungulia juu ya ua akanipongeza kwa kupata fundi wa maana. Nikasema asante. Ningemwambia nini?

Lipu ilipoanza kukauka, ndipo nilipomwambia mama kwamba karibu atahama.

"Huyo fundi mbona simsikii akiongea? Mafundi si huwa na redio?" akauliza. "Mikono yake ikoje?"

Nikamweleza. Akaweka kikombe chini.

"Umejenga wapi?"

"Pale nyuma. Kwenye msingi wa baba."

"Mimi nilidhani upande wa tangi la maji." Aliliangalia lile pazia kwa muda. "Ule msingi ulikuwa wa chumba chako. Wewe ulikuwa bado tumboni mwangu. Huyo mtu alikuja jioni, hakuitwa na yeyote. Baba yako akamuuliza bei. Akasema pesa hataki. Kazi ikiisha na kupokelewa, atamchukua atakayelala humo."

"Baba yako akamfukuza kwa sururu. Akasema tusimtaje tena."

"Ni nani yule, mama?"

"Nitajulia wapi? Baba yako alikuwa na maadui, labda alitumwa. Labda alikuwa kwenye hiki kiwanja kabla yetu."

Niliogopa, sikufichi. Nilikaa sakafuni nikalia. Nikasema kesho naleta nyundo, nabomoa chote. Mama akaniuliza kwa ukali: nibomoe, halafu yeye aendelee kuogeshwa nyuma ya pazia mpaka siku ya kufa? Hataki. Chumba ni chake, na wa kumtoa hajazaliwa bado.

Hapo nikafuta machozi. Lile neno lilikuwa limeninasa. Kupokelewa. Kazi yangu naijua. Mteja akikataa kuipokea nguo, mimi silipwi. Mara ngapi nimefumua koti zima kwa sababu mtu kasema bega linambana, na bega lenyewe halina neno?

Nikamwambia mama. Tukatazamana. Akaanza kucheka, mara ya kwanza tangu aanguke.

Jioni ikaja. Mwiko ukanyamaza.

"Hodi..."

Nikachukua taa, nikaenda.

"Imeisha," alisema. "Pokea."

Niliingia nikatafuta kasoro. Nilipapasa pembe zote. Zimenyooka. Nilipitisha kucha kwenye lipu. Laini kama sahani. Nilipiga sakafu kwa kisigino, nikatikisa fremu ya mlango. Hakuna. Alikuwa nyuma yangu, karibu kabisa, na sikusikia akipumua.

"Pokea."

Nikainua taa, nikaanza tena pembe ya kwanza, bila kasoro ya kutaja.

Ndipo sauti ya mama ikatoka sebuleni, ile ya zamani, ya kunyoosha mbwa.

"Kizingiti kimefika wapi?"

"Kwenye... kifundo cha mguu."

"Miguu yangu hainyanyuki hivyo. Sijapokea. Kishushwe."

Nyuma yangu, ile harufu ya shimo ikasogea kuelekea mlangoni.

Kwaruu...

Usiku huo huo nilimhamisha mama. Akajinyoosha kitandani, akasema wangapi mjini wanalala kwenye nyumba zisizoisha, na yeye ni mmoja wao.

Tangu hapo anakuja kila magharibi, na kila magharibi mama ana neno. Rangi imekolea. Mlango unalia. Swichi iko mbali na kitanda. Yule hakasiriki, na hilo ndilo linalonitisha. Anarekebisha. Chumba sasa ni kizuri kuliko nyumba yenyewe. Mama anaoga mlango umefungwa, ananifokea kwa sauti maji yakiwa baridi, na mimi nafurahi kufokewa. Ndugu wanatuambia tuhame. Hatuhami. Aende yeye.

Lakini mama anazeeka. Siku hizi anasahau alichokwisha kulalamikia.

Jana tulisikia hodi mapema.

"Imeisha. Pokea."

Mama akatazama dari. Akatazama sakafu, mlango, pembe moja baada ya nyingine. Akarudia. Nami nilitafuta, wallahi nilitafuta, kila kitu kilikuwa sawa. Taa ikafifia. Ile harufu ya shimo ikaingia chini ya mlango, ikapanda hadi kitandani.

"Pokea..."

Nikamshika mkono.

"Dirisha," mama akasema.

"Lina nini?" Yule wa nje hakuwa amewahi kuuliza.

"Jua la asubuhi linanichoma macho. Ulihamishie ukuta ule."

Mama alinibana vidole mpaka vikauma, na hakuniangalia.

Kisha tukasikia tofali la kwanza likitolewa.