Pili Yuko Ndani

Mimi ni fundi cherehani, si mtu wa kuzua mambo. Haya yamempata dada yangu wa tumbo moja.

Dada alikuwa na binti mmoja tu. Alipojifungua wa pili, mume wake akasema mtoto arithi jina la marehemu mama yake, Tatu. Nikamwambia, "Shemeji, Tatu ni mzaliwa wa tatu. Huyu ni wa pili, jina lake ni Pili."

Akacheka. "Jina ni jina tu, shemeji."

Basi kila mgeni akawa anauliza: kama huyu ni Tatu, Pili yuko wapi? Dada kwa mizaha hajambo, akawa anajibu, "Pili yuko ndani, amelala." Watu wanacheka, naye anacheka. Miaka mitatu alijibu hivyo hivyo.

Siku moja mchana niliwapelekea watoto magauni mapya. Muuza mboga, mgeni mtaani, akawa anatuuzia kupitia dirishani. Akasikia majina, akauliza swali lile lile. Kabla dada hajajibu, sauti ya kitoto ikaitika kutoka chumbani.

"Abee!"

Wasichana wote wawili walikuwa wamekaa miguuni pangu.

"Tutoke," dada akaninong'oneza. "Sasa hivi."

Akambeba Tatu, mimi nikamshika mkubwa mkono. Mlango ukagoma. Komeo lilikuwa wazi, ufunguo unazunguka vizuri. Nikausukuma kwa bega. Wapi! Dirisha lina nondo. Muuza mboga alivuta kwa nje mpaka akachoka. Kule chumbani kitanda kikalia. Mtu ameshuka.

Tatu akasema taratibu, "Mama, tunamwacha Pili. Hajavaa viatu."

Miguu mitupu ikaja sebuleni. Ikasimama nyuma yetu. Sikugeuka. Mungu wangu, niliogopa!

Dada alikuwa analia. "Haya," akasema. "Twende, Pili."

Mlango ukafunguka wenyewe.

Tangu hapo wanaishi kwangu. Siku ya kwanza niliwapima watoto kimo kwenye fremu ya mlango, nikachora mistari miwili kwa chaki yangu ya kushonea. Asubuhi kulikuwa na mstari mwingine, katikati. Nikiufuta, unarudi. Kila mwezi unapanda. Juzi umempita mkubwa.

Gauni nililompelekea Tatu siku ile bado analivaa, na huu ni mwaka wa pili. Jana imebidi nilipunguze.