Mpingo wa Siku Tisa

Mpingo ulikuwa na siku tano tu tangu uoteshwe, na tayari ulikuwa mnene kuliko paja la mtu. Ulisimama ndani ya pipa la kioo lililotoka sakafuni hadi darini, umezama kwenye majimaji yenye rangi ya chai, na ukitega sikio kwenye kioo uliusikia ukikua: mlio mdogo, mkavu, kama kuni zinazoanza kushika moto. Mtambo huo uliitwa kioteshi. Ulichukua chembe hai ya mti, ukailisha sukari na chumvi za udongo, ukaimulika mchana na usiku, na siku ya tisa ukatoa gogo ambalo porini lingetaka miaka themanini. Weusi ni ule ule, uzito ni ule ule, na ukilitupa majini linazama.

Aliyeubuni, mhandisi Somoe Nampoto, alikuwa na kila sababu ya kukaa pale akajipongeza. Hakukaa. Tangu alfajiri alikuwa anapanda na kushuka ngazi za nyumba yake, karakana iko chini, sebule iko juu, anashika hiki anakiacha, anamimina chai anaisahau. Mara tatu alivaa visikizio akasikiliza rekodi zile zile za jana. Mara tatu akavivua akasimama. Kuna kitu kilimkera masikioni na hakujua ni kitu gani. Na kabla ya saa tisa alasiri alitakiwa aweke kidole gumba chake kwenye ripoti.

Hapa inabidi nieleze, maana jambo lenyewe lina kona. Nje ya jiji la Mandawala, kusini kabisa mwa nchi, kulibaki msitu mmoja wa mpingo wa asili, nao ni mali ya kijiji cha Nakopi. Kila mwaka wanakijiji walikata miti minne, si zaidi, wakawauzia mafundi wa magitaa ya bei mbaya, lile ambalo mtu analinunua mara moja maishani na kulirithisha. Kwa miti hiyo minne kijiji kilikula na kusomesha. Somoe alizaliwa Nakopi. Alibuni kioteshi ili hata hiyo minne ipumzike, wanakijiji wauze mbao za pipani na msitu ubaki wenyewe. Nia njema kabisa. Lakini Baraza la Jiji lilipoona kioteshi kinafanya kazi, likapiga hesabu kwa upande wa pili: kama mbao za pipani zinatosha, msitu ni wa nini? Jiji lilikuwa na njaa ya umeme. Msitu ungefyekwa, pawe na shamba la vioo vya kuvunia jua, na Nakopi ihamishwe.

Somoe alipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Baraza likampa jibu moja la haki, au lililofanana na haki. Yatengenezwe magitaa matatu, fundi mmoja, uso wa kila moja uwe msonobari ule ule na nyuzi zile zile. Tofauti iwe mgongo na mbavu tu: la kwanza mninga, la pili mpingo wa Nakopi, la tatu mpingo wa kioteshi. Mninga uliwekwa ili kuipima pimasauti, mashine ya kusikiliza na kulinganisha, kwa sababu mashine isiyotofautisha mninga na mpingo haina masikio. Yarekodiwe nyumbani, si studio, kwa kuwa watu wa siku hizi wanapigia na kurekodi majumbani mwao. Kijiji kichague mpigaji, asije mtu akalalamika. Pimasauti ikisema magitaa mawili ya mpingo yana tofauti, msitu unabaki. Ikisema hayana, msitu unakwenda.

Kijiji kilimchagua Mzee Nantembo, mjomba wake Somoe, ndugu wa mama yake kwa tumbo moja, aliyemlea na kumsomesha. Hakuna aliyebisha. Mkono wa Nantembo ulijulikana hadi nchi za watu.

Jana walifanya kazi vizuri. Somoe alitundika mablanketi kwenye madirisha, akasimamisha godoro ukutani ili sauti isirudi, akazima jokofu, ambalo lilinung'unika kwanza kuhusu nyama kabla ya kunyamaza. Kinasa sauti alikiweka hatua moja mbele ya mpigaji, usawa wa kitovu. Mzee alipiga wimbo mmoja mara tatu, gitaa kwa gitaa. Pimasauti ilisikiliza, ikachambua rangi ya kila noti, ikaandika: mninga ni tofauti, mpingo na mpingo, hakuna tofauti.

Somoe alilia. Sehemu ya kilio ilikuwa ya Nakopi. Sehemu nyingine ilikuwa furaha, na hiyo ndiyo iliyomnyima usingizi, kwa sababu miaka kumi na mmoja alitamani mtu aandike hayo maneno.

Sasa saa tano asubuhi alikaa mezani mara ya nne. Hakuvaa visikizio. Alikodoa macho tu kwenye kioo cha kompyuta, kwenye mistari mitatu ya rekodi iliyopangwa mmoja chini ya mwingine, na hapo ndipo alipoona kitu ambacho mtoto wa darasa la pili angekiona. Mstari wa tatu ulikuwa mfupi.

Mninga, dakika nne na sekunde kumi na mbili. Mpingo wa Nakopi, dakika nne na sekunde kumi na mbili. Mpingo wa kioteshi, dakika tatu na sekunde hamsini na tisa.

Mzee Nantembo alikuwa jikoni anakula muhogo wa kuchemsha. Walikwisha salimiana asubuhi, shikamoo na marahaba.

"Mjomba, jana kwenye gitaa la tatu ulikuwa na haraka?"

"Haraka ya kwenda wapi?"

"Wimbo umeupiga mara mbili sawasawa, hata sekunde haikupungua. Mara ya tatu umeukata sekunde kumi na tatu."

"Unanihesabia?"

"Mashine inahesabu."

"Basi kama inahesabu, mbona ilinyamaza?" Mzee aliweka muhogo chini. Alionekana ameumia kweli. "Nilikuwa naisubiri iseme."

Somoe akavuta kiti. Pimasauti ilihesabu urefu wa wimbo, ndiyo, lakini haikuupa uzito. Yeye mwenyewe aliifundisha isikilize rangi ya noti kwa muda noti inapolia, isihangaike na mwendo, kwa sababu wapigaji huenda mbio au polepole kwa hiari yao. Ndivyo walivyokubaliana na Baraza.

"Niambie kilichotokea, mjomba."

"Unajua kilichotokea. Wewe umekulia Nakopi." Akajifuta vidole kwa kitambaa, kimoja kimoja. "Ukipewa gitaa la mtu ulipige mbele yake, unafanya nini?"

Somoe alijua. Nakopi kila mtoto alijua. Gitaa la mtu ni mtoto wa mtu. Ukipewa mbele ya mwenyewe unatafuta lilipo zuri unapiga hapo, lilipo baya unapafunika, na mwenyewe akiuliza unasema limekua. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na aibu ya gitaa aijuaye mpigaji, basi, inaishia kwake. Alijua hayo yote na alipokuwa anapanga jaribio, na mablanketi yake, na vipimo vyake vya hatua moja na usawa wa kitovu, hayakumjia kichwani hata kidogo.

"Sauti ya lile la kwako inakufa mapema," mzee akasema. "Inaanza vizuri, nzuri hasa, halafu inakatika. Mpingo wetu umepita kwenye moto kila kiangazi, umekaa miaka na njaa, ukiugusa unalia mpaka unasahau. Huyu wako ameshiba tangu azaliwe. Sasa niiache noti ife mkononi, na wewe umekaa pale mbele unaniangalia? Nikawa naiwahi. Kabla haijakatika natia nyingine."

"Na ulijua msitu unategemea hapo?"

"Kijiji kizima kilinisindikiza hadi barabarani. Nilijua."

"Mjomba!"

"Nilidhani mashine itaona. Si mnasema inasikia hata chawa akikohoa? Nikasema mimi nitafanya adabu, yenyewe itasema ukweli. Kila mtu na kazi yake."

Somoe alishikwa na hasira ambayo hakujua aielekeze wapi. Watu mia nne wangehamishwa kwa sababu mzee mmoja hakutaka kumtia mpwa wake haya. Halafu, chini ya hasira, likaja wazo jingine, likakaa kimya likimtazama. Hakuna mwingine aliyeona huo mstari mfupi. Ripoti iko tayari. Ni kidole tu.

Simu ikaita. Alikuwa Bwana Kalembo, katibu wa Baraza.

"Mhandisi, habari za tangu jana. Tunasubiri kidole chako tu. Majiji kumi na saba yameshaulizia vioteshi."

"Kumi na saba?"

"Na asubuhi bado. Au kuna tatizo?"

Somoe akatazama mgongo wa mjomba wake, aliyekuwa anaosha sahani ambayo roboti ya jikoni ingeiosha.

"Katibu, mkataba unaruhusu kurudia?"

"Unaruhusu. Mpigaji yule yule, chumba kile kile, kabla ya saa tisa. Lakini kwa nini urudie jibu zuri?"

"Jibu zuri kwa nani, katibu?" Akakata simu kabla hajajibiwa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mkubwa yeyote.

Wakatundika mablanketi upya. Mzee akalipakata gitaa la kioteshi, Somoe akakaa kwenye kiti chake cha jana, akawasha kinasa.

"Kama ulivyopiga yale mengine, mjomba. Usilisaidie."

Dakika tatu na sekunde hamsini na nane.

"Samahani," mzee akasema. "Tena."

Mara ya pili alifumba macho. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso. Kila alipofika mahali pa kusubiri, bega lake lilisita na kidole kikaruka chenyewe kwenye uzi unaofuata. Dakika nne na sekunde moja. Saa saba na nusu ikapita.

"Mkono hautaki," akasema. "Nauambia, hautaki. Miaka sitini nimeufundisha mwenyewe, utanisikiliza leo?" Akaliweka gitaa magotini. "Toka nje, mama. Nenda mbali usisikie. Siwezi kumtukana mwanao mbele yako."

"Nitakwenda."

"Mbali, Somoe. Kweli kweli."

Alitoka akafunga mlango. Alikuwa na nia ya kwenda mbali, na hilo namwamini, lakini alipofika kwenye ngazi ya nje miguu ikagoma, akakaa. Blanketi huzuia sauti isiingie na isirudi, ila mlango wa sebule ulikuwa wa mbao nyembamba tu.

Mninga ulipigwa. Mpingo wa Nakopi ulipigwa, na noti zake zilikaa hewani hata Somoe akajikuta amebana pumzi. Halafu la tatu.

Mzee Nantembo alilipiga bila huruma. Aliigusa noti ya kwanza akaiacha. Ikalia vizuri, nzuri hasa kama alivyosema, kisha ikakatika, na pale ilipopaswa kuendelea pakawa patupu. Hakupaziba. Akasubiri mpaka muda wake utimie, akagusa ya pili, nayo ikakatika. Somoe aliinama akaweka kichwa magotini. Alikuwa amesikia magitaa ya mbao za kioteshi mara elfu, kwa mikono ya watu wengi, wengi wao wa kusini, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuyafanyia hivi mbele yake. Kila alipouliza waliambiana kwa macho wakamjibu limekua, mhandisi, limekua. Aliona aibu, aliumia, akatamani kuingia amnyang'anye. Alikaa mpaka mwisho. Dakika nne na sekunde kumi na mbili.

Alipoingia, pimasauti ilikuwa imeshaandika. Safari hii wimbo wa tatu haukuwa na mahali pa kujificha; mashine ilipata noti nzima nzima, mwanzo hadi mwisho, na kwenye mwisho wa kila moja ikaona kasoro. Mpingo na mpingo: tofauti ipo, na ni kubwa. Saa nane na dakika arobaini. Somoe aliweka kidole gumba, akakishikilia pale mpaka kioo kikamwambia inatosha. Majiji kumi na saba yalikwenda na kidole hicho. Huko chini mti wa siku tano uliendelea kulia kwenye pipa lake.

Mzee alikuwa bado kitini, gitaa amelilaza mapajani kifudifudi, mkono juu yake.

"Ulikwenda mbali?" akauliza, bila kuinua uso.

"Mbali, mjomba. Nilifika hadi barabara kuu. Sikusikia kitu."

Mzee akatazama viatu vya mpwa wake, vilivyokuwa vimebaki ndani, pembeni ya mlango.

"Vizuri," akasema. "Maana limekua, mwanangu. Limekua kabisa."